Karibu ya Mzee Han

Mnaniuliza barua iko wapi. Tangu Jumapili nimeulizwa sokoni, nimeulizwa msikitini, nimeulizwa hata kwa kinyozi nikiwa na povu usoni, na kila aliyeuliza nimemjibu, "Tutaongea." Haya, tuongee. Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza, na nikikatizwa nitaruka mahali ninapoona haya. Miguu bado imevimba, nimechoka hoi, na jambo hili sina nguvu ya kulisema mara ishirini.

Kwa asiyewahi kukanyaga ukumbini kwetu, mambo yako hivi. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuja Tanga fundi Mkorea, Mzee Han, kufunga mashine za kiwandani. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Jioni baada ya kazi alinifundisha mchezo wa kwao uitwao taekkyon, na alipoondoka nikawafundisha ninyi. Wenzetu wa taekwondo wametucheka miaka yote. Wao mateke yao yamenyooka, masumbwi yao yamenyooka, hata kusimama wamenyooka. Sisi tunayumba, tunakunja magoti, tunapunga mikono. Wametuita wacheza ngoma, wametuita walevi, tukavumilia. Mwaka huu wenye ukumbi wakasema tulete uthibitisho kwamba mchezo wetu upo duniani na mwalimu wenu kafundishwa na mtu anayeujua, la sivyo ukumbi wanapewa wengine.

Mzee Han alikuwa amehamia Birmingham kwa binti yake, na kiharusi kilishampiga mara moja. Nilikwenda kuchukua barua yake kabla hakijampiga cha pili. Siku zangu zilikuwa saba. Habari za viza na tiketi tuziache, zimenizeesha vya kutosha.

Tanga hadi Dubai

Mpaka Dubai sina la kusimulia isipokuwa kwamba mtu aliyeketi mbele yangu alilaza kiti chake juu ya magoti yangu na kulala usingizi wa mtu asiye na dhambi. Pale Dubai ukashuka ukungu. Sikujua kwamba jangwani kuna ukungu. Ndege za watu zilikaa chini, na sisi tukakaa chini, kwenye zulia, mchana kutwa, kisha siku ya pili mpaka adhuhuri.

Nilipata jirani, mama mmoja wa Kisudani aliyekuwa akienda kumwona mjukuu. Alikuwa na tende na mkate, nami nilikuwa na kashata alizonifungia mke wangu. Tukabadilishana. Kiarabu changu ni cha sala tu, naye Kiswahili hana, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yalikuwa alhamdulillahi na kunyoosheana chakula.

Miguu ilipoanza kujaa nikasimama pembeni kufanya hatua zetu tatu, ile pembetatu mnayoijua, huku nayumba taratibu. Hazikupita dakika tano mlinzi akaja mbio na kiti cha magurudumu. Alidhani nina kizunguzungu. Nikamweleza kwamba huu ni mchezo wa asili wa Korea, mkongwe sana. Akanisikiliza kwa huruma, akanikalisha, akanisukuma hadi zahanati. Nesi akanipima presha, akasema ipo juu. Ingekosaje kuwa juu?

Nikatoka pale nimepoteza siku moja na nusu kati ya zile saba.

Winson Green

Mwenyeji wangu alikuwa Abdi, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, shemeji yake jirani yangu wa Chumbageni. Nilimkuta uwanja wa ndege wa Birmingham kashika kadi iliyoandikwa MWALIMU HOSEA. Mimi naitwa Hoza, lakini kwa uchovu ule hata angeandika Fatuma ningemfuata.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Nimekuja hapa mara tatu. Hiyo ndege yako imekuwa story mtaani kwetu."

Abdi ana duka dogo Balsall Heath, anauza kadi za simu, viungo na vitenge, lakini anakaa Winson Green, kwenye nyumba zilizoshikana safu nzima. Asubuhi nilifungua pazia nikaona ukuta mrefu ajabu. Nikamuuliza hicho ni kiwanda cha nini.

"Hiyo ni jela," akasema. "Jirani wazuri. Hawapigi kelele, hawakuji kukopa sukari."

Jioni ile alinipeleka kula balti karibu na dukani kwake. Mimi Kihindi cha dukani Tanga najua kidogo, na najua balti ni ndoo. Nikawa najiuliza nitaletewa chakula cha ndoo mimi, na baridi hii, nitakimaliza vipi. Kikaja kikaango cheusi cha chuma chenye masikio mawili, kuku anachemka ndani, na mkate mpana kama mlango wa kabati. Nikakaa nikingoja sahani. Abdi akacheka mpaka akakohoa, "Mwalimu, sahani ndiyo hiyo." Nilikula mpaka mwisho, na kusema kweli ndicho kitu cha kwanza kilichonipa moyo tangu niondoke nyumbani.

Treni ya kwanza

Binti wa Mzee Han anaitwa Mina. Anakaa na baba yake Sutton Coldfield, upande wa kaskazini, mji wa wenye nafasi ndani ya jiji hilohilo. Alisema kwenye simu nifike kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa baada ya hapo mzee hulala na haamshwi.

Nilipanda treni ndogo ya barabarani hadi katikati ya jiji, nikatembea hadi stesheni kubwa, ile iliyochimbiwa chini, nikamuuliza mtu treni ya Cross City. Akanionyesha. Kumbe reli ni moja, jina ni moja, lakini treni zina njia mbili, za kwenda juu na za kwenda chini, na mimi nikapanda ya kwenda chini. Nilikaa kwa raha zangu nikipitia moyoni nitakachomwonyesha mzee. Zile hatua tatu. Teke la kusukuma. Na lile neno lake kubwa, "karibu". Mnalijua. Alikuwa akinigonga mguu wa mbele kwa kijiti huku anasema, "Karibu! Karibu!" nami nikasogea, nikasogea tena. Ndiyo amri niliyowapigia ninyi kelele miaka yote: karibu, mbane, usimpe nafasi ya kupumua.

Mbele yangu aliketi bibi mmoja wa Kizungu akifuma soksi. Akanipa peremende, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomtajia Sutton Coldfield akaacha kufuma.

"Oh, bab," akasema, "unakwenda mbali nako."

Alivyoniita "bab" nilidhani kasema baba, nikafurahi kwamba hata huku mtu mzima anaheshimiwa. Jioni Abdi akanieleza kwamba Birmingham kila mtu ni bab, mtoto, mkubwa, hata paka. Lakini pale kwenye treni heshima ile ilinisaidia, maana tulikuwa tumeshafika mwisho wa reli, Redditch, na ilinibidi nirudi njia yote.

Nilibisha mlangoni kwa Mina saa tisa na robo, manyunyu yananipiga. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkavu wa maneno. "Baba amelala," akasema. "Njoo kesho." Hakuwa na ubaya, ila mlango aliufunga. Nikasimama pale kwenye njia ya mawe nikitazama mapazia ya watu. Nilisikia uchovu wa mwili na wa moyo kwa pamoja, na nikasema kwa sauti, "Hoza, ulikuwa unatafuta nini huku?" Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Sutton Coldfield

Kesho yake nilifika saa nne asubuhi. Mzee Han alikuwa ameketi kwenye kochi, blanketi magotini. Amepungua, jamani. Yule mtu aliyekuwa akibeba mota peke yake amebaki macho na mikono. Upande wa kulia unamsumbua, lakini ulimi uko sawa, na Kiswahili chake kilekile cha kiwandani hakijaota hata kiambishi kimoja.

"Hoza," akasema. "Wewe kuzeeka."

"Na wewe, Mzee."

"Mimi zamani."

Tukalia kidogo, wote wawili, bila kuoneana haya. Mina akaleta chai, akatuacha, akaenda jikoni kuipiga barua kwenye kompyuta. Nilimwona ameanza, na moyo wangu ukatua kwa mara ya kwanza.

Mzee akasema, "Onyesha." Nikasogeza meza ndogo. Nikafanya hatua tatu juu ya zulia lao, mabega yamelegea, magoti yanaitikia, nikitoa ile sauti ya "ik, ek" kama alivyonifundisha. Alipiga mapaja yake kwa furaha. Machozi yalimtoka tena. Kisha akashika mgongo wa kochi, akainuka. Nikamwambia akae. Hakunisikiliza. Akauweka mguu wake wa kushoto mbele, ule mzima, akanitazama machoni, akasema:

"Karibu."

Ndugu zangu, mwili wangu haukungoja akili. Amri niliyoitii miaka kumi na miwili niliitii na pale. Nilimwingia. Kifua kwa kifua, goti langu likauparamia mguu wake, na Mzee Han akaanguka ubavu kwenye zulia, na kikombe cha chai juu yake.

Mina alitoka jikoni akipiga kelele. Nilikuwa nimeshapiga magoti namwomba mzee radhi, lakini binti alinisukuma. Aliniambia nitoke, na aliniambia mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Mzee pale chini alikuwa akisema neno moja la Kikorea, "daejeop, daejeop," akimwambia bintiye, akiniambia mimi, akinyoosha kidole kwenye miguu. Mina hakutaka kutafsiri. Nikachukua koti nikatoka.

Dukani kwa Abdi nilikaa juu ya gunia la mchele nikashika tama. Nikamweleza. Abdi akampimia mteja iliki kwanza, kisha akasema, "Umeenda kumsalimu mgonjwa ukamwangusha kwake? Mwalimu, walai, hiyo hata sisi hatujaisikia." Alipoona sicheki akaniwekea chai ya maziwa na sambusa mbili. "Kula. Aibu haijazi tumbo."

Sikula. Nilikuwa nimeukosa ukumbi wenu, nimeikosa barua, na mzee wa watu nimemwangusha. Nililia mbele ya wateja wa Abdi, na simlaumu aliyenitazama.

Mwani

Asubuhi ya siku ya mwisho kabla ya ndege, simu ya duka ililia. Alikuwa Mina. Baba hakuvunjika, kachubuka tu, ila tangu jana hataki kula mpaka Hoza aje.

Safari hii treni niliuliza watu wanne.

Mezani palikuwa na wali, samaki na supu ya majani ya kijani kibichi yanayoteleza. Mina akaniambia hakuweka nyama, maana alijua mimi Mwislamu, akasema majani yale yanatoka baharini. Nikachungulia bakuli. Mwani! Mwani huuhuu ambao kina mama wa kwetu wanaulima, wanauanika, unapakiwa magunia unapelekwa ng'ambo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua unaliwaje. Nilivuka nusu ya dunia nikanywe mwani. Una ladha ya bahari na mafuta ya ufuta, na nilirudia mara mbili.

Lakini kabla sijauonja, Mzee Han alilisukuma bakuli mbele yangu kwa mikono miwili. "Karibu," akasema. Kisha akausogeza mguu wake wa kushoto chini ya meza mpaka ukagusa kiatu changu. "Karibu." Akagusa bakuli. "Karibu." Akagusa mguu. "Karibu." Alirudia mara nne, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto irabu. Kwenye ile ya nne nikaweka kijiko chini.

Hakuwa akisema sogea. Hakusema hivyo hata siku moja. Alikuwa akisema karibu ya mgeni.

Mina akakaa nasi, akanieleza kwa Kiingereza. Daejeop ni kumkirimu mgeni. Katika taekkyon ni sheria ya kwanza kabisa: kila mchezaji lazima auweke mguu mmoja mbele, mahali mwenzake anapoweza kuufikia. Unampa. Akiweza kuukwatua uanguke, haki yake. Naye anakupa wake. Anayeficha miguu yote miwili, au anayemvamia mwenzake asiache nafasi, huyo hana adabu na hachezi mchezo huo.

Mzee akaongeza yake, binti anatafsiri, huku supu inapoa. Zamani, alisema, mchezo huo ulikuwa wa sikukuu, kijiji cha juu na kijiji cha chini, watoto wakianza, wakubwa wakimaliza. Walivaa viatu vya majani makavu. Teke lilikuwa la kusukuma, ukimwangusha mwenzio au ukimgusa uso umeshinda, basi, kesho mnaonana sokoni. Wajapani walipotawala, mchezo ukafifia. Wakaja vijana waliosomea Japani na karate yao, na baada ya vita wakajenga juu yake mchezo mpya, taekwondo, wenye jina linalofanana na la huu wa zamani. Ule wa zamani ukabaki kwa wazee wa kuhesabika vidoleni. Yeye aliupata kwa mzee mmoja wa namna hiyo, bustanini, kabla serikali haijautambua na vijana hawajaanza kuukimbilia.

"Mzee yule," Han akasema kwa Kiswahili chake, "kufundisha mimi mguu mwaka moja. Mguu tu. Mimi kufundisha Hoza karibu." Akanitazama. "Hoza miaka kumi na mbili mgeni tu. Kula, kula. Hapana pika."

Alitania. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Rehema.

Wengine mmejiunga baada yake, hamumjui. Alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Mwaka juzi, siku ya mashindano yetu wenyewe, mimi nikiwa pembeni napiga kelele "karibu, karibu", mwenzake alimvaa goti kwa goti, na goti la Rehema likaenda. Hadi leo anaswali kwenye kiti. Nami nilimwambia mbele ya watu kwamba kosa lilikuwa lake, kwa nini aliacha mguu mbele. Maneno yangu ndiyo hayo. Msichana yule, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amefanya kitu sahihi, na mimi ndiye niliyemtuma mtu akamvunje.

Mina akaleta barua. Imepigwa vizuri, ina jina la Mzee Han, jina la mwalimu wake, na sahihi iliyotetemeka lakini ni sahihi. Ilisema kwamba Hoza wa Tanga alifundishwa naye, na kwamba anafundisha kama alivyofundishwa.

Niliisoma mara mbili. Nikairudisha mezani.

"Hiyo ya kwanza ni kweli," nikamwambia mzee. "Ya pili si kweli."

Mina akaniuliza kama nimetoka Afrika hadi hapa kuja kuiacha. Nikamwambia ndiyo, naona nimefanya hivyo. Nilimweleza mzee habari za goti, kwa Kiswahili chepesi, na alinielewa neno kwa neno. Hakutania tena. Akaikunja barua, akampa bintiye aiweke.

"Wewe fundisha tena," akasema. "Halafu andika mimi. Mimi kungoja."

Mimi na yeye tulijua kungoja kwenyewe kukoje kwa mtu wa hali ile.

Kurudi

Ya kurudi hayana maneno. Abdi alinifungia mkate wa balti kwenye gazeti, akasema, "Sasa Mwalimu, next time uje bila kuangusha mtu." Ndege haikuchelewa, na mara hii ningetamani ichelewe.

Basi, barua haipo. Ukumbi mwisho wa mwezi tutaondoka, na mwenye kinyongo aje anitukane mimi, si wenye ukumbi, walichotaka ni haki yao. Tutafanya mazoezi uwanja wa shule jioni, kwa anayetaka kuanza upya. Tutaanza na mguu, pengine mwaka mzima mguu tu. Anayetaka kuacha aache, sitamsema.

Lakini kabla ya kuwaandikia ninyi nilikuwa na mlango wa kwanza wa kwenda. Jana saa kumi alasiri nilikwenda kwa kina Rehema, nikapiga hodi. Akatoka mwenyewe, anaegemea kizingiti, mguu ule haukunjiki. Alinisalimu vizuri, shikamoo yake kama kawaida. Nikamweleza yote palepale nje, nimesimama juani na kofia mkononi: neno lile lilikuwa na maana gani, mimi nililisikiaje, nilimwambia nini siku ile mbele ya watu, na kwamba alikuwa sahihi. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo mguu ulitakiwa uwe mbele," akasema.

"Ulitakiwa uwe mbele, mwanangu."

Akatazama chini, akatazama mtaani mpaka jirani aliyekuwa akifagia akamaliza na kuingia ndani.

"Nimekusikia, Mwalimu," akasema.

Hakuniambia karibu. Nilisubiri kidogo pale mlangoni, kisha nikavaa kofia nikarudi nyumbani. Leo alasiri nitakwenda tena kupiga hodi.